Makosa ya kibinadamu kwa waokoaji wanaotoa huduma ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu niliowafundisha na niliofanya nao kazi: wahudumu wa magari ya wagonjwa, wazima moto, wapiga mbizi wa uokoaji, vijana wa kujitolea. Machache yameulizwa na ndugu wa majeruhi, na hayo ndiyo magumu zaidi. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu tukiwa tumekaa pamoja baada ya zamu, kwa hiyo majibu mengine ni marefu na mengine ni mafupi.

Kosa la kibinadamu ni nini hasa? Si jina la kuuficha uzembe?

Hapana. Mzembe anajua la kufanya na halifanyi kwa sababu hajali. Anayekosea alitaka mgonjwa apone, akajitahidi, na bado mambo yakaenda kombo. Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason, katika maandishi yake ya mwaka 1990, aliyagawa makosa kwa namna ambayo mpaka leo naiona inafaa kuliko zote. Kuna kuteleza: nia ni sahihi lakini mkono unafanya kingine, kama kuchukua kichupa kilicho pembeni ya kile ulichokikusudia. Kuna kusahau: umeunganisha barakoa ya oksijeni vizuri, umemfunika mgonjwa uso, ila mtungi hujaufungua. Kuna kosa la uamuzi: unafanya kwa ustadi mkubwa jambo lisilomfaa mgonjwa huyu, kwa kuwa ugonjwa ulio kichwani mwako si ule ulio mbele yako. Kisha kuna ukiukaji, yaani kuruka utaratibu kwa kujua, mara nyingi kwa sababu ya haraka au kwa sababu kila mtu kituoni ameshazoea kuuruka.

Wazee walisema kuteleza si kuanguka. Katika kazi yetu, kati ya kuteleza na kuanguka kuna nafasi ndogo ya kudakwa. Mwenzako anaweza kukudaka, lebo iliyoandikwa vizuri inaweza kukudaka, hata swali moja linaloulizwa kwa sauti linaweza. Karibu kila ninalolisema hapa chini linahusu nafasi hiyo.

Kwa nini mtu aliyefunzwa vizuri, mwenye uzoefu wa miaka, hukosea?

Kwa sababu ujuzi haubadilishi namna ubongo unavyofanya kazi chini ya shinikizo. Moyo ukienda mbio na kelele zikizidi, macho na masikio hubana: unaona kidonda tu, huoni mtu. Muda hupotea. Waokoaji wengi hukuapia walijaribu jambo kwa sekunde 20, na saa inaonyesha dakika 3.

Kuna hali moja ninayoitilia mkazo kila ninapofundisha, nayo ni kung'ang'ania. Desemba 1978 ndege ya abiria ilizunguka karibu na Portland, Marekani, wakati wafanyakazi wake wakishughulikia hitilafu ya magurudumu. Walishughulika mno na magurudumu hata mafuta yakawaishia angani, na watu 10 wakafa. Hawakuwa watu wasiojua kusoma kipimo cha mafuta. Akili yao ilikuwa imeshikwa mahali pamoja. Mwokoaji anayehangaika kutafuta mshipa kwa mara ya tano huku mgonjwa akiacha kupumua yumo katika mtego uleule.

Uchovu nao si jambo la kujikaza. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 za kuwa macho, utendaji wa watu ulikuwa sawa na wa mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Baada ya saa 24 ulilingana na asilimia 0.10, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu mtu kuendesha gari. Hakuna kiongozi wa zamu ambaye angempa mlevi sindano ashike. Aliyekesha tunampa, tena tunamsifu kwa moyo wake.

Kosa gani hutokea mapema kabisa, kabla hata ya kumgusa mgonjwa?

Kukimbilia ndani. Mtu ameanguka kwenye shimo la maji machafu, kisima au tangi, mwenzake anaona, anashuka, naye hatoki. Taasisi ya taifa ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu kama hizo walikuwa ni wale walioingia kuokoa. Hewa tunayovuta ina oksijeni ya takriban asilimia 21. Ndani ya tangi inaweza kuwa imeshuka sana bila harufu wala rangi ya kukuonya, na pumzi mbili tatu zinatosha kukuangusha.

Kusimama kwa sekunde 10, kutazama nyaya, moshi, magari yanayokuja, na kuuliza "nini kimemwangusha huyu?" si woga. Naelewa inavyouma kusimama huku mtu analia. Ila ukiangushwa na kilichomwangusha yeye, wanaokuja nyuma yako wana watu wawili wa kuokoa na hatari ileile.

Tuliambiwa mgonjwa "bado anapumua", kumbe moyo ulikuwa umesimama. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ni miongoni mwa makosa ninayoyasikitikia zaidi kwa sababu linaweza kuzuilika. Moyo ukisimama ghafla, watu wengi huendelea kwa dakika kadhaa kuvuta pumzi za kukata roho: mtu anatweta kwa kishindo, anakoroma, kinywa kinafunguka kama samaki aliyetolewa majini, kisha kimya kirefu, kisha tena. Hiyo si pumzi ya uhai. Anayepokea simu ya dharura akiuliza tu "anapumua?", ndugu atajibu ndiyo, kwa haki kabisa, maana anaona kifua kikitikisika. Swali linalosaidia ni "anapumua kama kawaida?", na la pili, "ukimtikisa na kumwita anaitikia?" Majibu yote mawili yakiwa hapana, kifua kianze kukandamizwa.

Kuhangaika kutafuta mapigo shingoni nako hudanganya. Kwa vidole vyenye baridi na moyo wako mwenyewe ukidunda masikioni, utahisi mapigo yasiyokuwepo, yaani yako. Ndiyo maana miongozo inawataka wahudumu wasitumie zaidi ya sekunde 10 kutafuta, na watu wasio wahudumu wasitafute kabisa.

Katika kukandamiza kifua na kumpa mgonjwa pumzi, tunakosea wapi zaidi?

Mahali pasipo na mbwembwe. Mwendo unaotakiwa ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimeta 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kifua kiachiwe kirudi juu kabisa kila mara. Mtu aliyechoka huanza kuegemea. Mikono inashuka lakini kifua hakirudi, na moyo usiporudi kujaa damu, mkandamizo unaofuata hauna cha kusukuma. Aliyechoka mwenyewe mara nyingi hajui. Kwa hiyo badilishaneni kila dakika 2, hata kama anayekandamiza anasema bado ana nguvu. Hasa akisema bado ana nguvu.

Kosa la pili ni kusimamasimama: kusimama ili kuangalia mashine, kusimama ili kumhamisha, kusimama kwa sababu kiongozi amefika na wote wamegeuka kumsikiliza. Kila mnaposimama, shinikizo la damu kuelekea moyoni na kwenye ubongo huanguka, na huchukua mikandamizo kadhaa kulirudisha.

La tatu ni pumzi nyingi mno. Mwaka 2004 watafiti huko Milwaukee, Marekani, walichapisha walichokiona kwa kuwafuata wahudumu wazoefu wakiokoa watu waliosimama moyo. Walikuwa wakibonyeza mfuko wa hewa kwa wastani wa mara 30 kwa dakika, na hata waliofundishwa upya katikati ya uchunguzi walibaki juu ya 20. Miongozo ya sasa, mgonjwa akiwa na mrija wa pumzi, inataka takriban 10. Hewa ikizidi kifuani, huzuia damu kurudi moyoni, na yule unayedhani unampa uhai unamnyima. Ninawapenda wahudumu hawa kwa sababu walikubali kutazamwa na matokeo yao yakatangazwa. Bila wao tungekuwa bado tunapuliza tu. Dawa yake ni rahisi: mwenzako ahesabu kwa sauti, au mtumie kifaa cha kugonga mdundo.

Damu inavuja na tumefunga. Kwa nini majeruhi bado anazidi kudhoofu?

Huenda damu mliyoiona si ile inayomuua. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nilimfunga kijana mguu uliochanika vibaya, bandeji safi, kazi nzuri ya kujivunia. Alikuwa anazidi kupauka. Mwenzangu ndiye aliyepitisha mkono mgongoni mwake chini ya koti, akautoa umeloa. Jeraha lilikuwa dogo, lilikuwa nyuma, na mimi sikuwa nimemgeuza. Koti jeusi halionyeshi damu usiku. Tangu siku hiyo sijawahi kumaliza kumkagua majeruhi bila kupitisha mikono yenye glavu mgongoni, kwapani na kwenye kinena, kisha kuitazama glavu.

Huenda pia mkanda wa kubana, ule unaofungwa mguuni au mkononi ili kuzuia damu, haukubana. Mkanda uliolegea huzuia mishipa inayorudisha damu moyoni lakini huacha ile inayoileta, na hapo damu huvuja kuliko mwanzo. Ufungwe sentimeta 5 hadi 7 juu ya jeraha, usikae juu ya maungio kama goti au kiwiko, ukazwe mpaka damu isimame, hata mgonjwa akilia kwa maumivu. Andika saa uliyoufunga, ikiwezekana juu ya mkanda wenyewe. Usiulegeze kila baada ya muda "ili mguu upate damu kidogo". Hilo lilifundishwa zamani, na bado nalikuta.

Mtu amelewa, anatukana, hataki kuguswa. Tumwache?

Mpime sukari kwanza. Mtu ambaye sukari imemshuka hutoka jasho, huongea ovyo, huyumba, hupigana. Aliyeumia kichwa naye hivyohivyo. Na mlevi wa kweli anaweza kuwa na vyote vitatu kwa pamoja. Harufu ya pombe ni ya kweli, lakini haikwambii chochote kuhusu sukari wala damu iliyo ndani ya fuvu. Kosa hapa huanza na neno la kwanza linalotamkwa redioni: "ni mlevi tu". Likishasemwa, kila anayempokea mgonjwa anamtazama kupitia neno hilo, na hakuna anayeanza upya. Semeni mnachokiona: amechanganyikiwa, ananuka pombe, ana mchubuko kisogoni, sukari ni kadhaa.

Makosa ya dawa hutokeaje, na tuyazuieje?

Nitachukua dawa moja, adrenalini, kwa sababu imebeba karibu kila aina ya mtego. Kwa mtu mzima aliyesimama moyo hutolewa miligramu 1 kwenye mshipa. Kwa mtu mzima aliyevimba na kubanwa pumzi kwa mzio mkali hutolewa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Dawa ileile, dharura zote mbili, mikono ileile inayotetemeka. Anayepewa mshipani dozi ya moyo uliosimama wakati moyo wake unadunda, shinikizo lake la damu hupanda kwa kishindo na moyo unaweza kuharibika mdundo.

Ongeza kwamba dawa hiyo huja katika ukali wa aina mbili, miligramu 1 kwa mililita na miligramu 0.1 kwa mililita, na kwa miaka mingi vichupa viliandikwa kwa uwiano, moja kwa elfu na moja kwa elfu kumi. Hesabu sifuri hizo ukiwa ndani ya gari linalokata kona usiku. Marekani iliondoa maandishi ya uwiano kwenye lebo za dawa za sindano za namna hiyo mwaka 2016. Huo ndio urekebishaji ninaoupenda: hawakumwambia mhudumu awe makini zaidi, wamemwondolea mtego.

Kwa watoto hatari huwa kubwa zaidi, kwa kuwa dozi hukokotolewa kwa uzito. Nukta ikisogea nafasi moja, mtoto anapata mara kumi. Tumieni mkanda wa kumpima mtoto urefu unaoonyesha dozi kwa rangi, au jedwali lililokwishakokotolewa, na asiwepo shujaa wa kukokotoa kichwani. Kisha mtoa dawa ataje kwa sauti jina la dawa, kiasi, njia na mgonjwa. Mwingine aangalie kichupa kwa macho yake na arudie. "Eeh, sawa" si kurudia. Anayerudia asome kilichoandikwa kwenye kichupa, asirudie alichokisikia.

Mashine zetu hazikosei. Kwa nini tusiziamini?

Mashine hujibu swali ililotengenezwa kujibu. Kipimo cha kidoleni huangalia rangi ya damu. Damu iliyoshikwa na kaboni monoksaidi, ile hewa ya moshi na jiko la mkaa, kwenye kipimo cha kawaida hufanana na damu yenye oksijeni. Hivyo mtu aliyetolewa kwenye nyumba inayoungua anaweza kuonyesha asilimia 99 huku mwili wake ukikosa hewa. Aliyetoka motoni apewe oksijeni, namba iseme itakavyo.

Lakini kuna mashine tunazozikwepa wakati ndizo zingetudaka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 kutoka Orlando, Marekani, ulikagua wagonjwa 108 waliofikishwa hospitali wakiwa na mrija wa pumzi uliowekwa njiani. Kwa 27 kati yao mrija haukuwa mahali pake, na wengi wa hao ulikuwa umeingia kwenye umio, njia ya chakula. Nikiisoma namba hiyo bado nakosa usingizi. Mwaka 2005 uchunguzi mwingine wa ukanda huohuo ukaonyesha kwamba walipotumia kipimo cha kaboni dayoksaidi inayotoka na pumzi, kikiwa kimewashwa muda wote, hakukuwa na mrija hata mmoja uliopotea bila kugunduliwa. Ambapo hakikutumika muda wote, ilikuwa asilimia 23. Watu wale, mafunzo yale, mirija ile. Mirija itaendelea kukosea njia maadamu inawekwa kwa mikono ya watu. Tofauti ilikuwa kwamba kosa lilionekana ndani ya pumzi chache.

Majeruhi ni wengi. Tuanze na yule anayepiga kelele?

Anayepiga kelele ana njia ya hewa iliyo wazi na nguvu ya kupiga kelele. Mtazame aliyenyamaza. Kisha rudi kuwakagua wote tena baada ya dakika chache, maana kadi ya rangi, ile inayoonyesha nani ahudumiwe kwanza, uliyomvika mtu saa moja iliyopita inaeleza hali yake ya saa moja iliyopita.

Mimi ni mdogo kituoni. Nikimwona mkubwa wangu anakosea, nimwambieje?

Mwambie. Najua si rahisi. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ndege moja ilianza kukimbia kupaa wakati nyingine ikiwa bado kwenye njia hiyohiyo ya kurukia. Fundi wa ndege aliuliza ndani ya chumba cha marubani kama ile nyingine ilikuwa imeshaondoka njiani. Nahodha, mtu mwenye heshima kubwa kazini, akajibu kwa uhakika kwamba imeshaondoka. Fundi hakusisitiza. Ndege zikagongana, wakafa watu 583. Miaka miwili baadaye NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha ambayo ndiyo iliyozaa mafunzo ya kuwafundisha marubani kusikilizana, na uokoaji umeyaazima mafunzo hayo.

Njia yenyewe ina ngazi, na inaheshimu umri wa mtu. Anza kwa swali: "Kaka, tumeangalia kichupa?" Asipoitika, sema wasiwasi wako: "Kaka, nina wasiwasi, naona imeandikwa miligramu 1 kwa mililita." Ikishindikana, tumieni neno ambalo kituo kizima kimekubaliana kuwa likitamkwa, kila mtu anasimamisha mkono. Mimi hutumia "simama kwanza". Neno hilo likubaliwe mchana, mkiwa mmetulia, na mkubwa mwenyewe aliseme mbele ya wote: "Siku nikikosea, nisimamisheni." Nimeona vituo vikibadilika kwa sentensi hiyo moja. Na mkubwa akisimamishwa bure, kijana akiwa ameona vibaya, jibu ni "asante" tu. Akikaripiwa siku hiyo, kesho atanyamaza akiwa ameona sawa.

Orodha za ukaguzi si za wanafunzi?

Rubani mwenye saa 20,000 za kuruka husoma orodha kila safari. Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi ya upasuaji mwaka 2008, na ilipojaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ila nawaonya: orodha ndefu haisomwi, na orodha inayowekwa alama baada ya tukio ili faili lipendeze ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Iwe fupi, isomwe kwa sauti, na iwe ya yale yanayoua yakisahaulika: mtungi umefunguliwa, kifaa cha kunyonya matapishi kinafanya kazi, mzio umeulizwa.

Habari hupotea wapi tunapomkabidhi mgonjwa?

Katika nusu dakika ile ambayo kila mtu anamhamisha na hakuna anayesikiliza. Ombeni ukimya, mikono isimame isipokuwa kama kifua kinakandamizwa, na mmoja aseme kwa mpangilio uleule kila siku: umri, saa ya tukio, kilichotokea, majeraha, vipimo, tulichofanya na saa tuliyofanya. Mpokeaji arudie. Dawa iliyotolewa njiani na haikutajwa ni dawa itakayotolewa mara ya pili.

Aliyekosea aadhibiwe?

Inategemea aina ya kosa, na hapa lazima tuwe waadilifu kwa pande zote mbili. Aliyekuja zamu amelewa, aliyeghushi kumbukumbu, aliyemwacha mgonjwa kwa kudharau, hao wawajibishwe. Kwa wengine Reason, yule mwanasaikolojia niliyemtaja mwanzoni, alipendekeza jaribio: mweke mtu mwingine, mwenye mafunzo sawa, katika saa ileile, uchovu uleule na mkoba uliopangwa vilevile. Je, naye angeweza kukosea hivyo? Kama jibu ni ndiyo, ukimfukuza huyu utabaki na mtego na utaajiri mtu mwingine wa kuukanyaga.

Kuna jambo moja linalotupotosha sana tunapokaa kuhukumu. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba mtu akishajua mwisho wa jambo, hujiona angeutabiri tangu mwanzo. Sisi tulioketi mezani tunajua mgonjwa alikuwa na nini. Aliyekuwa pale, kwenye mvua, hakujua.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kituo kinachoadhibu kila kosa hujifundisha kuficha maradhi. Wenzetu wa anga wana mfumo wa taarifa za makosa unaoendeshwa na NASA tangu 1976: rubani anaeleza alichokosea, majina yanafutwa, wote wanajifunza. Kituo kidogo kinaweza kuanza na daftari lisilo na majina na kikao cha robo saa kila wiki, mkuu akiwa wa kwanza kueleza kosa lake.

Tuwaambie ndugu wa mgonjwa ukweli?

Ndiyo. Kwa lugha nyepesi, mapema, na mtu mwenye mamlaka awepo. Waambieni kilichotokea, ombeni radhi bila "lakini", waelezeni mtakachobadilisha, na msiwape maelezo ya kukisia ambayo kesho mtayabadilisha. Ndugu niliozungumza nao wengi waliniambia kuwa kimya ndicho kilichowaumiza mara ya pili.

Mimi si mhudumu, ni mpita njia tu. Nikiogopa kukosea, si bora nisiguse?

Kwa aliyesimama moyo, hapana. Bila kukandamizwa kifua, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita. Unaweza kumvunja ubavu. Mbavu huvunjika hata mikononi mwa wataalamu, na hupona. Piga simu ya dharura, weka spika, kandamiza katikati ya kifua, na ufuate unachoelekezwa.

Mafunzo yafanyike mara ngapi?

Ujuzi wa kukandamiza kifua huanza kufifia ndani ya miezi 3 hadi 6, kwa hiyo kozi ya siku nzima kila baada ya miaka miwili haitoshi. Dakika 10 kila mwezi juu ya sanamu ni bora. Fanyeni mazoezi gizani, kukiwa na kelele, mkiwa na glavu zilizoloa, na mwalimu apandikize kosa kwa makusudi, kichupa kisicho sahihi ndani ya mkoba, aone ni nani atakayelidaka na atalisema vipi.

Mwenzetu alikosea, mgonjwa akafa. Hali chakula, haongei. Tumsaidieje?

Daktari Albert Wu, mwaka 2000, aliwaita watu kama hawa majeruhi wa pili. Mgonjwa na familia yake ndio wa kwanza, wala tusilisahau hilo, lakini huyu naye ameumia. Usimwache arudi nyumbani peke yake usiku huo. Usimwambie "sahau" wala "ilikuwa amri ya Mungu" kabla hajamaliza kusema. Msikilize aeleze tangu mwanzo, hata akirudia mara tatu. Akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akiona picha zilezile, akianza kukwepa zamu au kunywa, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili, na mtu wa kumsindikiza awepo. Akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake hata dakika moja, na msaada utafutwe saa hiyohiyo.

Nimekosea usiku huu na hakuna aliyeona. Nianzie wapi?

Anza na mgonjwa. Kama bado anaweza kudhurika, piga simu sasa kwa waliompokea, kabla ya kuoga, kabla ya kuandika ripoti: "Nilimpa dawa fulani, kiasi hiki, saa fulani, badala ya ile." Sentensi hiyo huchukua sekunde 15, na daktari aliye upande wa pili anaweza kufanya mengi akiwa nayo. Kisha mwambie kiongozi wako wa zamu. Kisha andika ulichokiona na ulichokifanya kwa mpangilio wa saa, bila kujitetea na bila kujitukana, wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Weka kichupa pembeni, usikitupe. Halafu mtafute mtu mmoja kituoni unayemwamini, mkae chini.